Barua ya Uhamisho ni ya Mmoja, Wanaohama ni Nyumba Nzima

Siku mfanyakazi anaporudi nyumbani na barua ya kumpeleka kazini nchi ya kigeni, nyumba hujaa furaha. Majirani hupita kutoa pongezi, watoto hutamba shuleni, na mizigo huanza kufungwa. Ni wachache wanaokumbuka kuuliza swali moja lililo zito kuliko masanduku yote: mwenye barua anakwenda ofisini, je, hao wengine wanakwenda wapi?

Tuuchukue mji wa Addis Ababa uwe mfano wetu. Mji huo si mgeni katika historia yetu. Hapo ndipo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa tarehe 25 Mei 1963, na Kamati yake ya Ukombozi ikapewa makao Dar es Salaam. Mtanzania mwenzetu, Ndugu Salim Ahmed Salim, alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja huo tangu 1989 hadi 2001. Umoja wa Afrika, uliorithi kazi hiyo mwaka 2002, una makao yake hapo hapo, na mwaka 2022 Kiswahili kilikubaliwa kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi. Basi huenda siku moja barua ya namna hiyo ikaandikwa jina lako.

MWILI NA SUFURIA

Jambo la kwanza utakaloliona ni pumzi. Addis Ababa iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,300. Wewe uliyezoea joto la pwani utapanda ngazi za ghorofa ya pili na kapu la sokoni, nawe utahema kama mzee. Usiogope, bali usijilazimishe. Upe mwili siku kadhaa uzoee. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu na amwone daktari kabla ya safari. Usiku kuna baridi, na tangu Juni hadi Septemba mvua hunyesha sana. Kwa hiyo tia masweta ya watoto sandukuni kabla ya suti ya baba.

Jikoni nako kuna mtihani. Mahali pa juu namna hiyo maji huchemka yakifikia nyuzi 92 hivi, wala si 100. Yatatokota kwa kishindo, lakini hayana moto ule uliouzoea, na maharage yatakawia kuiva. Mama atalaumu maharage, baba atamlaumu mama, na kumbe mwenye kosa ni kilima. Sufuria ya presha itaondoa ugomvi huo.

SAA NI ILE ILE, TAREHE SIYO

Hapa Mswahili ana bahati. Wenyeji wa Ethiopia huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi. Saa moja yao ya asubuhi ndiyo saa moja yetu. Wageni wengine huchanganyikiwa miezi mingi, ilhali mtoto wako ataisoma saa ya mji siku ya kwanza. Ila ratiba za ndege na ofisi za kimataifa hutumia hesabu ya Kizungu, basi uliza kabla hujaachwa.

Kwenye kalenda ndiko kwenye mtego. Mwaka wao una miezi 13: miezi 12 ya siku 30, na mmoja mfupi wa siku 5, au 6 katika mwaka mrefu. Mwaka mpya huanza Septemba 11, au 12 katika miaka fulani, na hesabu yao ya miaka iko nyuma ya yetu kwa miaka 7 au 8. Ukipewa kadi ya chanjo ya mtoto yenye tarehe ya kurudi, usiiweke kabatini kabla ya kuuliza imeandikwa kwa kalenda ipi. Tarehe iliyosomwa vibaya yaweza kumkosesha mtoto sindano yake.

ANAYEBAKI NYUMBANI

Sasa tufike kwenye kiini cha habari. Tuseme mke alikuwa mwalimu au muuguzi huku nyumbani. Alikuwa na mshahara wake, wenzake kazini, na jina lake mwenyewe. Ameacha yote hayo ili amfuate mumewe, na huko aliko huenda hana kibali cha kuajiriwa. Mume ana ofisi na Kiingereza cha kuongea na wenzake. Watoto wana shule. Yeye ana kuta nne na lugha asiyoijua, iliyoandikwa kwa herufi asizoweza kuzisoma. Jioni mume hurudi amechoka kusema na watu. Mke hajasema na mtu tangu asubuhi. Mmoja anataka kimya, mwingine anataka neno. Hapo ndipo ndoa nyingi zilizovumilia shida za nyumbani huvunjika katikati ya neema za ugenini. Na ikiwa aliyeajiriwa ni mke na anayebaki ni mume, uchungu ni ule ule, pengine na aibu juu yake.

Dawa huanza kabla ya safari. Kaeni wote wawili mzungumze: kazi inayoachwa itaombewa likizo bila malipo au itaachwa kabisa? Anayebaki atakuwa na fungu lake la fedha, au ataomba hata nauli? Mwanamume anayeona haya kuyajadili mambo hayo bado hajawa tayari kuhama.

Mkishafika, Jumamosi iwe siku ya nyumba nzima kuujua mji. Acheni gari la ofisi. Pandeni zile basi ndogo za buluu na nyeupe, ambazo makondakta wake huita majina ya vituo kwa sauti kama wa kwetu. Nendeni Merkato, soko kubwa lenye kila kitu tangu viungo hadi mabati, mkafuatane kwa karibu na kushika mifuko yenu. Anayebaki nyumbani ndiye aongoze njia, aulize bei na kulipa, kwa maana Jumatatu atakwenda peke yake.

Lugha nayo haiko mbali kama inavyodhaniwa. Salamu kwao ni selam, hesabu ni hisab, bahari ni bahir, na duka ni suq, ndugu wa soko letu. Jifunze maneno kumi kila juma. Lakini ndani ya nyumba semeni Kiswahili na watoto, ili wakirudi waweze kuongea na bibi yao bila mkalimani.

Jifunze pia desturi za jirani. Wakristo wa Orthodoksi hufunga nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa, mbali na mifungo yao mirefu. Kumpelekea jirani wa namna hiyo sahani ya pilau ya nyama siku ya Ijumaa ni kumtia katika mashaka, ingawa nia yako ni njema.

KIKOMBE CHA TATU

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko ugenini usingoje kupewa; liombe jembe mwenyewe. Jirani akikuita kunywa kahawa, nenda, na usiende kwa haraka. Ataikaanga mbele yako, ataitwanga, ataichemsha katika birika la udongo, na ubani utafukizwa. Kahawa hiyo hunywewa vikombe vitatu, na kila kikombe kina jina lake. Wageni wengi hunywa kimoja, hutazama saa, huaga. Hawajui wanachokiacha. Kikombe cha tatu huitwa baraka, neno lile lile tulilo nalo sisi.

Basi, ndugu uliyepata barua, kabla ya kutia sahihi mwulize mwenzako naye atafanya nini huko. Na wewe unayefuata, kaa mpaka kikombe cha tatu. Siku utakapopita njiani ukaitwa kwa jina lako na mtu asiyemjua mumeo, ndiyo siku mtakayokuwa mmehamia.