Je, Wajua? Mashine huagiziana mizigo kwa lugha yao

Kompyuta ya mnunuzi huweza kuagiza mzigo kwa kompyuta ya muuzaji bila karani kushika karatasi. Tazama mstari huu: QTY+21:50:KGM'. Kwa lugha ya EDIFACT, iliyobuniwa chini ya Umoja wa Mataifa na kuidhinishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1987, hizo ni kilo 50 zilizoagizwa. Namba 21 ndiyo inayosema "kiasi kilichoagizwa". KGM ni kilogramu. Na kile kialama cha mwisho ndicho nukta ya mstari huo.

Lakini hapo mashine inasoma tu, haielewi. Mnunuzi akitafuta "kahawa" na muuzaji akaandika "arabika", watapishana njiani kama wasiojuana. Ndiyo maana mwaka 2004 shirika la W3C, linalosimamia viwango vya wavuti, lilipitisha lugha ya OWL. Ukishaandika humo kwamba kila arabika ni kahawa, kompyuta inamalizia hoja yenyewe. (Hoja ya namna hiyo Aristotle aliifundisha Ugiriki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita!) Mwaka huohuo W3C ilipelekewa pendekezo la OWL-S, inayoeleza huduma yenyewe inayotolewa kwenye wavuti: inafanya nini, inahitaji nini, na mashine nyingine iiiteje.