Sakafu ya karakana Majengo: Jeki kwanza, rangi baadaye

MAFUNDI wa Majengo, Dodoma, wanaogeuza banda la gari nyumbani kuwa karakana hawabanwi tena na saruji tupu. Madukani kuna vigae vya kauri, vitofali vya pevingi na vigae vya plastiki vya kufungamana, ambavyo hupachikana meno kwa meno bila gundi.

Tatizo ni kwamba kauri huuzwa kwa boksi, pevingi mara nyingi kwa mita ya mraba, na plastiki kwa kipande. Mnunuzi asiyegeuza bei zote kuwa za mita moja ya mraba atadhani amepata rahisi kumbe amelipa zaidi.

Chukua banda la mita 3 kwa 6, yaani mita za mraba 18. Vigae vya plastiki vya sentimita 40 kwa 40 vitakavyohitajika ni 113, na vya akiba kwa ajili ya kukata pembeni. Pevingi za sentimita 20 kwa 10 ni 900. Zikiwa na unene wa sentimita 6, uzito wake wote unafika tani mbili na nusu, hivyo nauli ni sehemu ya bei, na zilizofyatuliwa Dodoma kwenyewe zina nafuu yake.

Wengi hudhani plastiki hutandikwa juu ya udongo. La hasha. Bila zege chini yake, viungo huachana gari likiingia mara chache tu. Zege la sentimita 10 kwa banda hilo hula mifuko 12 hivi ya saruji ya kilo 50, kwa mchanganyiko wa 1:2:4. Gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Ndipo kazi yenyewe iamue. Mguu wa jeki hukusanya mamia ya kilo mahali padogo kama kiganja; kigae cha kauri chenye uwazi chini yake hupasuka, na nyundo ikidondoka ni vivyo hivyo. Kauri ya kung'aa ikimwagikiwa oili huteleza vibaya. Pevingi hustahimili uzito, lakini oili na skrubu ndogo hupotelea kwenye mianya. Plastiki hufutika kirahisi, ila cheche za kuchomelea huitoboa. Tena hutanuka kwa joto, na mabanda ya bati ya Dodoma yana joto la kutosha. Iachwe nafasi ya sentimita moja hivi ukutani.

Kwa fundi mpangaji, plastiki ina faida moja kubwa: siku ya kuhama huing'oa akaondoka nayo. Zege hubaki kwa mwenye nyumba. Basi kabla ya kununua mfuko wa kwanza, wakubaliane kwa maandishi kama gharama ya zege itakatwa kwenye kodi, na kwa miezi mingapi.