Mkongo wa Baharini Ukikatika: Jinsi Mitandao Inavyotafuta Njia Mbadala
Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Tarehe 12 Mei, 2024 huduma za intaneti zilizorota nchini kufuatia hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Hitilafu ya mbali kiasi hicho inawezaje kumfikia mwananchi wa Bariadi, mkoani Simiyu, ambako hakuna bahari?

Intaneti si mtandao mmoja, bali ni muunganiko wa makumi ya maelfu ya mitandao inayojitegemea, ikiwemo ya kampuni za simu, benki na vyuo vikuu. Mitandao hiyo huelekezana njia kwa itifaki iitwayo BGP, iliyoanza mwaka 1989. Kila mtandao huwatangazia majirani zake anwani unazoweza kuzifikia, pamoja na orodha ya mitandao inayopitiwa hadi kufika huko.

Utaratibu huo unafanana na safari ya basi kutoka Bariadi kwenda Mwanza. Barabara ya Lamadi isipopitika, dereva hupita Maswa hadi Mwigumbi, kisha hushika barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza. Vivyo hivyo, mkongo unapokatika, tangazo la njia hiyo huondolewa na mitambo huchagua njia nyingine bila mtumiaji kufanya lolote.

Hata hivyo, BGP haipimi msongamano. Huzingatia zaidi makubaliano kati ya mitandao na idadi ya mitandao inayopitiwa. Hivyo, njia iliyobaki huweza kulemewa, ujumbe mfupi ukapita huku video ikikwama. Mtandao usio na njia ya pili hukosa kabisa pa kupitia.

Kwa mawasiliano ya ndani, vipo vituo vya kubadilishana taarifa kama TIX cha Dar es Salaam. Mitandao iliyounganishwa hapo hupeana taarifa bila kuzipeleka ng'ambo. Kwa sababu hiyo, tovuti iliyohifadhiwa nchini inaweza kufunguka Bariadi hata pale iliyohifadhiwa ughaibuni inapokwama.

Taasisi, shule na wafanyabiashara wanaotegemea intaneti wanashauriwa kumuuliza mtoa huduma mambo mawili kabla ya kusaini mkataba: ana njia ngapi za kutoka nje ya nchi, na je, mtandao wake umeunganishwa na kituo cha ndani?