Maktaba na Mamlaka ya Alama (Sehemu ya Tatu)

Python 3.14 ilitoka Oktoba 2025 ikiwa na herufi mpya mbele ya stringi: t. Kwa waliofuatilia jinsi import inavyoleta fanksheni kutoka maktabani, historia ya herufi hiyo ina uhondo kuliko herufi yenyewe. Pendekezo la awali, PEP 750, lilitaka kila maktaba ibuni kiambishi chake, mathalani html"...". Likapunguzwa makali. Ikabaki t peke yake, na kazi iliyosalia ikaachiwa fanksheni za kawaida.

Uamuzi huo ni wa busara, na shahidi wake ni Lisp, lugha aliyoiasisi John McCarthy pale MIT mwaka 1958. Katika Common Lisp, kisomaji hufuata jedwali linaloeleza maana ya kila alama. Ukiita set-macro-character, mabano ya mraba yanaweza kusomwa kwa sheria yako mwenyewe. Uwezo huo unavutia mno! Lakini jedwali likishaguswa, mabadiliko huweza kuvuja hadi faili linalofuata, na anayelisoma haoni popote kilichogeuza alama zake. Kumficha msomaji sheria ni kumkosea adabu. Scheme, lahaja nyingine ya Lisp, katika kiwango cha R7RS cha 2013, ikachagua njia nyingine: import huleta taratibu na makro, wala haigusi namna herufi zinavyosomwa. Racket nayo hutangaza sheria zake waziwazi, katika mstari wa kwanza wa faili, kwa #lang.

Huko Kyebando, kaskazini mwa Kampala, suala hili la maana ya alama hujitokeza kwenye majina ya watu. Kijana anayeunda mfumo wa shule akiandika 'Nyong'o', Python hufunga stringi baada ya Nyong na kugoma. Hilo ataliona papo hapo. Baya zaidi ni jina hilohilo kupachikwa kwa f-string ndani ya amri ya SQL: ritifaa huivunja amri, na mwenye nia mbaya hupenyeza yake.

Stringi ya t hutenganisha maandishi ya mwandishi na thamani zilizopachikwa, kisha fanksheni iliyoletwa kwa import huzishughulikia. Wenye matoleo ya zamani nao wasisubiri: execute ya sqlite3 hupokea amri kando na thamani kando, na Nyong'o husajiliwa salama.