Kwa nini wanasayansi huhesabu mayai ya samaki baharini?

Kuhesabu samaki waliomo baharini ni kazi ngumu. Samaki wanakimbia, wanahama, na kundi lililoonekana leo kesho halipo. Lakini yai la samaki halikimbii. Linaelea tu na maji, likingoja kuanguliwa.

Hiyo ndiyo siri ya utafiti ambao umekuwa ukifanyika katika pwani ya California, Marekani, tangu mwaka 1949. Meli hutoka, husimama kwenye vituo vilevile, hushusha nyavu, kisha hurudi na chupa zenye mayai na viluwiluwi wa samaki, yaani samaki walioanguliwa juzijuzi, wengine wembamba kama uzi.

Ni vitu vidogo mno. Lakini hesabu yake husaidia kuamua kama mashua zitaenda kuvua au zitabaki gatini.

Ilianzia kwa samaki waliotoweka

Miaka ya 1930, uvuvi wa sadini wa California ulikuwa miongoni mwa uvuvi mkubwa kabisa duniani. Sadini hao ni jamaa wa simu na dagaa papa wanaovuliwa pwani ya Afrika Mashariki. Katika msimu wa 1936-37 pekee zilivuliwa zaidi ya tani 700,000.

Mjini Monterey, viwanda vya kusindika samaki vilijipanga ufukweni mtaa mzima. Ni mtaa huo, Cannery Row, ambao John Steinbeck aliuandikia riwaya mwaka 1945.

Halafu samaki wakaanza kuadimika. Viwanda vikakosa kazi, vikafungwa kimoja baada ya kingine, na watu wakapoteza riziki.

Ukazuka ubishi. Upande mmoja ulisema bahari ndiyo imebadilika. Upande mwingine ulisema hapana, watu wamevua kupita kiasi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa na takwimu za kutosha za kumaliza ubishi huo.

Ndipo mwaka 1949 ukaanzishwa mpango wa pamoja uitwao CalCOFI. Uliunganisha idara ya uvuvi ya serikali kuu, idara ya jimbo la California na taasisi ya bahari ya Scripps. Mwanzoni meli zilitoka kila mwezi. Siku hizi kwa kawaida hutoka mara nne kwa mwaka.

Nyavu zinashushwaje?

Safari ya kawaida ina vituo 75. Katika kila kituo wataalamu hupima joto la maji, chumvi na oksijeni, maana yai peke yake halielezi habari nzima.

Wavu mkuu unaotumika una midomo miwili ya duara iliyokaa ubavu kwa ubavu, mfano wa ngoma za bongo, na jina lake ni hilohilo: bongo. Kila mdomo una upana wa sentimita 71, na matundu ya wavu ni kama nusu milimita.

Wavu huteremshwa hadi kina cha mita 210 hivi, kisha huvutwa juu taratibu kwa mshazari meli ikiwa inatembea. Hivyo hupita kwenye tabaka zote za maji. Mdomoni kuna kipimo kinachoonyesha ni maji kiasi gani yamepita. Bila kipimo hicho hesabu haina maana: mayai 100 kwenye maji machache ni habari tofauti na mayai 100 kwenye maji mengi.

Wavu ukifika juu, huoshwa kwa maji ya bahari ili kila kilichonasa kishuke chini. Kisha sampuli hutiwa kwenye chupa zenye dawa ya kuhifadhi, kama fomalini au spiriti.

Upo pia mtambo wa pampu unaovuta maji kutoka kina cha mita tatu hivi huku meli ikiendelea na safari. Mayai huchujwa humo na kuhesabiwa palepale melini, kwa hiyo watafiti hujua mapema sehemu ambako samaki wametaga kwa wingi.

Yai linageukaje kuwa tani?

Maabara, mtu hukaa na hadubini na kutenga yai moja moja. Yai la anchovi, samaki mwingine wa jamii ya dagaa, ni la mviringo mrefu. La sadini ni duara kamili. Viluwiluwi hutambuliwa kwa umbo, madoa ya rangi na idadi ya pingili za misuli.

Baada ya hapo ni hesabu. Chukua mfano wa kubuni: eneo fulani limekutwa na mayai 1,000,000 yaliyotagwa usiku mmoja. Ikiwa jike mmoja hutaga mayai 20,000, basi majike 50 walitaga usiku huo. Ikiwa kila usiku ni asilimia 10 tu ya majike wanaotaga, majike wote ni 500. Na kama nusu ya samaki ni madume, jumla ni samaki 1,000. Zidisha kwa uzito wa samaki mmoja, unapata tani.

Kazi halisi ina mambo mengi zaidi. Mayai mengine huliwa kabla ya kuhesabiwa, kwa hiyo wataalamu hukadiria umri wa kila yai kwa kuangalia hatua ya ukuaji na joto la maji. Pia lazima wavuliwe samaki wakubwa wachache ili kujua jike hubeba mayai mangapi.

Na ubishi uliishaje?

Jibu lilikuwa katikati. Watafiti walichimba matope ya chini ya bahari karibu na Santa Barbara na kukuta magamba ya samaki ya karne nyingi. Magamba hayo yalionyesha kuwa sadini na anchovi walikuwa wakiongezeka na kupungua hata kabla ya uvuvi wa viwanda.

Kwa hiyo bahari kweli hubadilika. Lakini kuvua kwa nguvu ileile wakati samaki tayari wanashuka ni kuwasukuma shimoni, na kuwafanya wachelewe kurudi.

Mwaka 1967 California ilipiga marufuku uvuvi wa sadini, na ulifunguliwa tena mwaka 1986. Leo kuna sheria: makadirio ya sadini yakishuka chini ya tani 150,000, uvuvi mkubwa wa kuwalenga unasimama. Mwaka 2015 ulisimamishwa tena. Safari hii mashua zilizuiwa kwa kufuata kiwango kilichokuwa kimewekwa mapema.

Mayai hayasemi kila kitu

Hesabu ya mayai inaeleza wazazi waliopo sasa. Haielezi ni watoto wangapi watakaokua. Mwaka 1914 mwanasayansi wa Norway, Johan Hjort, alitoa hoja kwamba mwaka mzuri au mbaya wa samaki huamuliwa wakiwa wachanga kabisa, hasa wakikosa chakula baada ya kiini cha yai kuwaishia.

Bahari nayo ina maajabu yake. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa maji ya joto huwafaa sadini na ya baridi huwafaa anchovi. Lakini baada ya wimbi la joto la 2014-2016, walioongezeka sana ni anchovi.

Kilichosaidia kuliona jambo hilo ni kwamba chupa za zamani hazikutupwa. Zimetunzwa kwa miongo mingi, na sasa wanasayansi wanaweza kupata vinasaba kutoka kwenye spiriti iliyomo bila kuharibu samaki wenyewe.

Ndiyo maana safari moja ikikosekana ni hasara, kama ilivyotokea wakati wa korona mwaka 2020, safari ya majira ya kuchipua ilipofutwa. Mayai ya msimu huo yalishaanguliwa au kuliwa, na hakuna meli inayoweza kurudi kuyahesabu.