Chipu Iliyompa Mario Mkia

Mwendelezo wa kwanza wa Super Mario Bros. ulitoka Japani mwaka 1986, na kwa maoni yangu ulikuwa gemu ile ile ya 1985, ila yenye hasira zaidi: uyoga wenye sumu, upepo wa kumsukuma mrukaji, mashimo ya kumtoa mtu machozi. Tawi la Nintendo la Marekani liliukataa likiona ni mgumu mno. Ilibidi kusubiri Oktoba 1988, ilipotoka Super Mario Bros. 3, ndipo ikaonekana timu ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka ilikuwa imefika wapi. Mashine ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kaseti.

Mashine hiyo, Famicom, ambayo Marekani na Ulaya iliitwa NES, ilikuwa fukara. Kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa kilobaiti 2. Kaseti ya gemu ya kwanza ilibeba kilobaiti 40 tu: 32 za programu na 8 za picha. Ndiyo maana mawingu na vichaka vyake ni picha moja iliyopakwa rangi tofauti, na sarafu zake zinamemeta badala ya kuzunguka, kwani kubadili rangi hakuhitaji picha ya pili. Ndiyo maana pia hukuweza kurudi ulikotoka. Mashine ilikumbuka ulimwengu wa upana wa skrini mbili hivi. Ya kushoto yalifutwa ili ya kulia yapate pa kukaa.

Kaseti ya gemu ya tatu ilikuja na kilobaiti 384, kumbukumbu ya ziada ya kilobaiti 8, na chipu iitwayo MMC3. Prosesa ya Famicom huona kilobaiti 32 tu za programu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kazi ya chipu ni kuibadilishia vipande: kinachohitajika kinaingia, kilichomaliza zamu kinatoka. Ramani ya hatua nzima ikakaa kwenye kumbukumbu ya ziada, na Mario akaweza kurudi kushoto na kukuta sarafu alizookota hazipo tena. Picha nazo zikabadilishwa vivyo hivyo, sarafu zikaanza kuzunguka.

Ufundi unaonikosha zaidi, hata hivyo, uko kwenye ubao wa alama. Famicom husogeza mandhari yote kwa mkupuo mmoja. Ubao wa kutulia wakati dunia inakimbia haukuwemo kwenye mpango. Bahati nzuri, televisheni za wakati huo za Japani na Marekani zilichora picha mstari kwa mstari, juu kwenda chini, mara 60 kwa sekunde. Katika gemu ya kwanza ubao uko juu: unachorwa ukiwa umetulia, kisha prosesa inangoja mchoro ufikie kipande kidogo cha picha kilichofichwa chini ya sarafu ya ubaoni. Kikifikiwa, ishara inatoka, na mandhari inasogezwa kuanzia hapo. Muda huo wote prosesa haifanyi kingine, kama mtu anayelinda maziwa jikoni yasifurike. Ubao ukiwa juu, kungoja ni kufupi. Uweke chini kwa mbinu hiyo, na kungoja kutakula karibu muda wote wa kazi. MMC3 inahesabu mistari yenyewe na kuishtua prosesa mstari unaotakiwa unapofika. Ubao ukashuka chini, na prosesa ikabaki huru kushughulikia kobe na mizinga.

Huko ubaoni kuna mishale sita na herufi P. Kimbia hadi yote iwake na Mario mwenye mkia wa rakuni anapaa angani. Lakini akipaa, dunia lazima iwe na kimo. Kumbukumbu ya picha ya Famicom inatosha skrini mbili. Gemu ya kwanza ilizipanga ubavu kwa ubavu, ya tatu ikazipandanisha moja juu ya nyingine. Juu na chini kukawa tayari muda wote, ila pembeni pakakosa pa kufichia kazi: mandhari mpya inachorwa ukingoni huku mchezaji anatazama.

Televisheni za zamani zilimeza sehemu ya ukingo huo. Ukiicheza leo kwenye kompyuta, tazama upande wa kulia Mario anapokimbia. Viraka vya rangi zisizo mahali pake utakavyoviona havitokani na ubovu wa nakala yako. Vilikuwemo tangu 1988. Hiyo ndiyo bei ya kumrusha Mario, na naiona ndogo sana.