Amri moja kwa mifumo mingi ya tiketi

Programu ya kompyuta ikiharibika, mtumiaji anaandika tiketi: shida gani, ilianza lini. Lakini kila mfumo wa tiketi uko na maneno yake. Bugzilla, iliyotolewa na Mozilla mwaka 1998, iko na hatua nyingi: mpya, imekabidhiwa, imetatuliwa, imehakikiwa. GitHub iko na hali mbili tu, wazi ama imefungwa. Jira, yenyewe, inaacha kila kampuni ijipangie hatua.

Timu inayotumia yote mitatu ingeandika kodi mara tatu. Kwa hiyo wengine wanaweka mkalimani katikati. Kodi inatoa amri moja, tuseme "funga tiketi", na kipande kidogo kinachoitwa adapta kinaigeuza kwa lugha ya kila mfumo. Wakihamia mfumo mwingine, wanaandika adapta tu.

Ila mkalimani naye anapoteza maneno. Bugzilla inatofautisha tiketi iliyotengenezwa na ile ambayo wahandisi wamekataa kuitengeneza. Adapta ikiziita zote "imefungwa", aliyekuwa anangoja atafikiri shida yake imekwisha, kumbe hakuna aliyeigusa. Afadhali adapta ibakize pembeni neno la asili la kila mfumo.